Verediana Asiambiwe

Pale mwaloni Kibirizi, boti za wavuvi zinaposhusha samaki, kama ulitaka kujua Verediana yuko wapi, hukuwa na haja ya kuuliza mtu. Ulisimama kidogo ukasikiliza. Sauti yake ilimtangulia popote, ikimfokea kunguru aliyetua kwenye chanja za kuanikia dagaa, mchukuzi aliyekanyaga dagaa, au mnunuzi aliyeonja wachache kisha akarudisha mkono kuonja tena. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye magamba ya samaki mikononi hata siku ya Jumapili. Watu walimwogopa kidogo na kumpenda sana, maana akishakufokea asubuhi, mchana anakuita mle ugali. Hasira yake haikulala ndani.

Mara moja tu ilimharibia. Ilikuwa siku ya matanga ya mama yao, kijijini Mwamgongo, kaskazini kule ambako hufiki ila kwa boti. Kaka yake, Eliakimu, alisimama mbele ya ndugu akamtambulisha mke aliyemwoa baada ya kufiwa na yule wa kwanza. Mke mwenyewe aliitwa Révérienne, aliyeletwa kutoka Burundi akiwa mtoto mgongoni na kukulia kambini. Verediana alikuwa hajalala siku kadhaa, kichwa kimemjaa kilio, na maneno yakamtoka mbele ya watu wote: "Mama hajapoa kaburini, wewe unatuletea mkimbizi."

Watu waliangalia chini. Eliakimu hakumjibu kwa ukali, hakuwa mtu wa ukali. Kesho yake alimsindikiza hadi kwenye boti, akambebea mzigo begani, na maji yakiwa yamewafika magotini akamwambia, "Vere, rudi siku utakapojifunza kusema polepole. Mlango uko wazi."

Hapo lazima nieleze Eliakimu alikuwa nani kwake. Baba yao alifariki Verediana akiwa bado hajaota meno ya ukubwani, na kaka ndiye aliyemlea. Alikuwa akimpakia kwenye mtumbwi, anamkalisha mbele kwenye gunia, yeye nyuma anapiga kasia. Verediana alikuwa analala kwa sauti ile: kasia linaingia majini, linatoka, maji yanadondoka, linaingia tena. Mtu wa namna hiyo akikwambia ujifunze kusema polepole, humkasirikii. Unaona aibu, na aibu ilimzuia kurudi Mwamgongo karibu miaka miwili.

Halafu ziwa likafungwa. Serikali ilisimamisha uvuvi miezi mitatu ili samaki wazaane, na mwalo mzima ukanyamaza. Chanja zilibaki tupu, nyavu zimetundikwa, wanaume wanacheza bao tangu asubuhi. Verediana hakuwa na kunguru wa kumfokea. Alikaa nyumbani na mawazo yake, na mawazo yakamgeukia. Kisogo kilimuuma, moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu, usingizi ukamkimbia. Mumewe, Anatoli, seremala mpole wa maneno machache, alimpeleka zahanati. Wakampima na kumwambia ana presha, tena ya juu.

Muuguzi aliyempima aliitwa Melania. Alimpa vidonge, kisha akamwambia kwamba kila Alhamisi mchana anawakalisha wagonjwa wa presha barazani, wanafundishana kutuliza akili. Wengine huliita zoezi hilo kutafakari, alisema, ila neno hilo linawatisha watu, wanadhani ni kufikiria sana.

"Mwili wako, mama, unadhani kuna chui mlangoni," Melania alimweleza. "Ndiyo maana moyo unakimbia, mabega yanakaza, usingizi unaruka. Chui hayupo. Kuna ziwa lililofungwa na maneno yaliyokukwama. Lakini mwili haujui tofauti. Ukipumua taratibu, pumzi ya kutoka ikawa ndefu kuliko ya kuingia, unauambia kwa lugha yake kwamba chui ameshaondoka."

"Na mawazo je? Mimi nikifumba macho ndiyo yanakuja yote."

"Yaache yaje. Hatufukuzi wazo hapa. Unaliona, unasema hili ni wazo, unarudi kwenye pumzi. Likija tena, unarudi tena. Huko kurudi ndiyo kazi yenyewe."

Mama mmoja wa kwaya aliuliza kama hayo si maombi ya miungu ya kigeni. Melania akamjibu kwamba pumzi haina dhehebu, na kwamba vidonge wote wanaendelea kumeza kama kawaida, asije mtu akasema nesi alimwambia aache dawa.

Alhamisi ya kwanza Verediana alishindwa vibaya. Alifumba macho, akamsikia kunguru juu ya bati, akamfokea hivyo hivyo akiwa amefumba. Baraza zima lilicheka, na yeye akacheka. Ya pili, mguu ulimfa ganzi. Melania akawaambia wachague kitu kimoja kitulivu cha kushikilia akilini, na Verediana hakuhitaji kutafuta. Akalichukua kasia la kaka yake. Linaingia majini, anavuta pumzi. Linatoka, maji yanadondoka, anaishusha pumzi taratibu mpaka tone la mwisho.

Na ikafanya kazi. Nasema wazi, maana baadaye wapo waliotaka kulisingizia zoezi lenyewe, na zoezi halikuwa na kosa. Mabega yalishuka. Usingizi ulirudi, kwanza wa kuibia, kisha wa kushiba. Siku moja bombani binti mmoja aliruka foleni, na watu wote wakageuka kumtazama Verediana wakisubiri radi. Alifungua mdomo, akavuta pumzi, akaishusha. "Mdogo wangu," alisema, "foleni inaanzia kule." Ndoo zilibaki zinamwagika, watu wamesahau kufunga bomba.

Jioni ile alimwambia Anatoli mpango wake. Presha ikishuka, na ulimi nao ukishuka, atapanda boti aende Mwamgongo. Atasimama mbele ya Révérienne na kumwomba radhi kwa maneno ya polepole, Eliakimu akisikia. Hilo ndilo alilolifanyia kazi. Vidonge, chumvi aliyoacha, Alhamisi zote zile, mwisho wake ulikuwa mlango wa kaka yake.

Anatoli alisema ni jambo jema, ila asiwe na haraka.

Muda si mrefu binti yao, Frida, fundi cherehani wa soko la Mwanga, alikuja nyumbani akachukua simu ya mama yake. "Nesi amesema simu inapandisha presha," alisema. "Nitakaa nayo mimi. Mtu akikutafuta nitakwambia." Verediana alimkabidhi bila neno, tena kwa fahari, kama mwanafunzi anayekabidhi daftari. Alikuwa ameamua kuwa mgonjwa mtiifu.

Wiki iliyofuata Anatoli aliondoka siku mbili. Alisema anafuata mbao kusini, Ilagala. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la randa. Hakurudi na mbao. Alisema zimechelewa kupasuliwa. Verediana alimwekea maji ya kuoga, akamwonea huruma, kisha akaketi mbele yake kufanya mazoezi ya yale maneno.

"Wifi, nilikukosea mbele za watu, na mbele za watu nakuomba msamaha. Nyumba ya kaka yangu ni nyumba yako." Alimtazama mumewe. "Ikoje?"

"Hapo sawa," Anatoli alisema. "Ila punguza haraka kidogo."

Alhamisi iliyofuata Melania alileta zoezi jipya. Aliwaambia wafumbe macho, kila mmoja amwone mtu anayempenda, amwone anapanda mtumbwi, anakwenda taratibu, anakuwa mdogo juu ya maji. "Usimzuie," alisema kwa sauti ile ya chini. "Mpungie mkono, mwache aende."

Verediana akafumbua macho. "Mimi simwachi," alisema. "Wa kwangu nakwenda kumwona. Nimwachie nini?"

Hakuna aliyecheka. Wanawake wenzake walitazama mikeka yao, na Melania akajifanya anatafuta kalamu mfukoni. Verediana alidhani amekosa adabu, akaomba radhi, akafumba tena. Siku nzima aliona haya kwa kumkatiza mwalimu.

Ziwa lilipofunguliwa, alikwenda zahanati kupimwa. Melania alikuwa likizo. Kijana aliyekaa mahali pake, mgeni aliyehamia kutoka Kasulu, alimfunga kile kitambaa mkononi, akatazama, akamwambia, "Mama, hii ni nzuri. Endelea hivyo hivyo." Verediana alitoka pale anatabasamu peke yake. Hakupitia nyumbani. Angepitia wangemwambia asubiri kidogo, kama walivyomwambia kila alipotaja safari. Alinunua kilo ya sukari na kitenge kwa ajili ya Révérienne, akashuka Kibirizi, akapanda boti la mchana.

Ndani ya boti walikuwamo watu wa kijijini kwao. Mama mmoja alimshika mkono akasema, "Pole sana, dada." Verediana akajibu ameshapoa, presha imekubali. Yule mama alimtazama kwa namna ya ajabu, kisha akageukia mizigo yake, na mazungumzo ya boti zima yakafifia. Verediana hakujali. Alikuwa anatazama milima ya pwani ikipita, anavuta pumzi, anashusha, anapanga maneno yake.

Walifika jua limeinama. Alipandisha njia ya kwao viatu mkononi. Kando ya nyumba, penye migomba, palikuwa na tuta la udongo lililoanza kuota majani, na juu yake msalaba wa mbao.

Msalaba ule aliutambua kabla hajasoma jina. Kingo zake zilikuwa zimekwanguliwa zikawa duara. Seremala mmoja tu katika pwani nzima anafanya hivyo. Frida alipokuwa mdogo aliwahi kujichana paji la uso kwenye kona ya kitanda, na tangu hapo Anatoli haachi kona kali kwenye kitu chochote kinachotoka mikononi mwake. Verediana alipitisha kidole kwenye kingo. Ndipo akasoma jina la kaka yake.

Alijua mambo mawili kwa pigo moja, na la pili ndilo lililomkalisha chini. Eliakimu amekufa. Na mume wake alimzika.

Révérienne alimkuta hapo. Alikuwa amenyoa nywele. Aliketi naye kwenye udongo, akamshika bega. "Ihangane, wifi," alisema, pole ya kwao, na Verediana akaisikia vizuri, maana Kirundi na Kiha, lugha ya kwao yeye, ni majirani wa ukuta mmoja.

"Aliumwa?"

"Ini. Alilala wiki nyingi. Alikuuliza. Tukapiga simu yako, akapokea binti. Akasema unaumwa, daktari amekataza usipande boti, usiambiwe." Révérienne alijipangusa udongo viganjani. "Nikamwambia kaka yako hivyo. Akasema, Vere hajawahi kuumwa kitu cha kumkalisha. Akasema, basi bado amekasirika. Akageukia ukutani."

Yale maneno ya msamaha aliyoyafanyia mazoezi miezi yote Verediana aliyasema hapo, juu ya tuta. Aliyasema polepole. Révérienne alilia. Verediana hakuweza.

Kesho yake alirudi na boti la alfajiri. Nyumbani walikuwa wamehangaika kumtafuta. Frida alikuwepo, na Anatoli amesimama mlangoni, na walipoona uso wake hawakuuliza alikotoka.

"Umeuona msalaba," Anatoli alisema.

"Nimeuona. Umeuchonga vizuri."

Aliingia, akaketi kwenye kiti, mikono magotini. Aliongea kwa sauti ya chini, taratibu, na nadhani hilo ndilo lililowaponza, kwa sababu walidhani amepoa. Frida alipiga magoti mbele yake, akaanza kueleza. Mjomba alipozidiwa, presha ya mama ilikuwa juu mno. Mzee mmoja wa hapa mtaani aliambiwa msiba ghafla, akaanguka pale pale, mama mwenyewe anakumbuka. Basi wakakaa wakakubaliana: Verediana asiambiwe, kwanza atulizwe. Nesi Melania akaombwa amwandae taratibu. Majirani wakatoa rambirambi na kuonywa wasimpe pole.

"Na imesaidia, Mama," Frida alisema, machozi yanamtoka, mkono wake juu ya mkono wa mama yake. "Tazama ulivyopokea. Umekaa, unaongea vizuri. Ingekuwa zamani tungekuwa hospitali sasa hivi."

Hapo ndipo Verediana alipoona ukubwa wa alichofanyiwa. Mtaa mzima ulikuwa unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuwa amekaa barazani amefumba macho, anavuta pumzi kwa kasia la kaka yake, na wanawake waliomzunguka wote wanajua kwamba mwenye kasia yuko chini ya udongo. Alipochukuliwa simu, alishukuru. Mume wake alitoka makaburini, akaogea maji aliyoyateka yeye, akamsikiliza anaomba msamaha kwa nyumba ya marehemu, akamrekebisha mwendo. Walimfundisha utulivu kwa ajili ya siku wanayoitaka wao. Na ule utulivu alioutafuta kwa ajili ya Eliakimu ndio walioutumia kumfichia Eliakimu.

"Siku mliyomzika," aliuliza, "mimi nilikuwa wapi?"

"Ilikuwa Alhamisi," Anatoli alisema. "Ulikuwa kwa nesi."

Verediana alisimama. Alichukua mkeka mkubwa nyuma ya mlango, akautoa nje, akautandika katikati ya ua, juani. Akajifunga kitenge kiunoni, kile alichokuwa amemnunulia Révérienne, ambacho Révérienne alimrudishia akisema atakihitaji. Akavua kilemba.

Alilia kwa sauti yake ya zamani, ile ya mwaloni. Alimlilia Eliakimu kwa jina, kwa majina ya utotoni, kwa mtumbwi na gunia la kukalia. Alilia akisema sikukasirika, kaka, sikukasirika, sikuambiwa. Frida alitaka kumshika, akimwambia presha, Mama, presha. Verediana akamwondoa mkono. Watu wakaanza kuja. Walikuja mmoja mmoja, na aibu usoni, maana kila aliyekuja alikuwa ameshachangia msiba huo na kuumaliza bila yeye. Wanawake wakaketi pembeni ya mkeka. Hakuna aliyethubutu kulia kwa sauti, hawakuwa na haki hiyo. Anatoli alisimama kwenye kivuli cha karakana yake, kofia mkononi, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Wakamwitia Melania. Alifika na mkoba wake, anahema, akapiga magoti mkekani. "Mama Frida, nakuomba nikupime," alisema. "Umelia sana. Nina wasiwasi."

"Ulijua," Verediana alimwambia.

"Nilijua. Nilidhani nakusaidia."

"Ule mtumbwi wa kumpungia mkono. Ulikuwa wake."

Melania aliitika kwa kichwa. Verediana alimtazama kwa muda mrefu, kisha akanyoosha miguu, akaweka mikono mapajani kama alivyofundishwa, akafumba macho. Kasia liliingia majini. Likatoka, na maji yakadondoka taratibu, tone kwa tone. Lilikuwa la marehemu sasa, na lilikuwa lile lile. Alirudi kwenye pumzi, mawazo yakamchukua, akarudi tena. Machozi yalikuwa bado yanashuka, ila kifua kilitulia. Akatoa mkono.

"Pima," alisema.

Melania alimfunga kitambaa, akabonyeza, akasubiri. Akapima tena mara ya pili, kama asiyeamini mashine. Anatoli alisogea. Frida aliuma kucha.

"Imepanda kidogo," Melania alisema mwishowe. "Kidogo tu. Si ya kutisha."

Verediana alifumbua macho, akamtazama nesi, akamtazama binti yake, akamalizia kwa mume wake.

"Kwa hiyo ningeweza kumzika," alisema, polepole.

Melania alikunja kitambaa chake akakirudisha mkobani.